Uzi: Novemba haijafika na tayari tuna majeruhi watatu (kikapu cha vyuo, Marekani)

ChumbaChaBarafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikendi. Jambo hili ninalo kifuani tangu Alhamisi, nimeona niliandike kabla sijalizoea.

Wengi humu mnanifahamu. Nasoma tiba ya michezo hapa Marekani, na mafunzo yangu ya vitendo nayafanyia kwenye timu ya kikapu ya wanawake ya chuo kimoja cha Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku. Chuo sikitaji na wachezaji siwataji. Mwezi wa tisa ndio kwanza unaisha, mechi ya kwanza ni Novemba, na tayari pointi gadi wetu, yule mwongoza mchezo, ameteguka enka, sentra, mrefu wetu wa chini ya kikapu, ana ufa kwenye mfupa wa unyayo, na Alhamisi binti wa mwaka wa kwanza, anayeruka kuliko wote tulionao, amekata ACL, ligamenti inayolishikilia goti kwa ndani.

Hiyo ya Alhamisi niliishuhudia kwa macho yangu. Hakuguswa na mtu. Alikuwa anashuka na mpira upande wa kushoto, akakita mguu ili abadili njia, goti likaingia ndani huku unyayo umeng'ang'ania sakafu. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akalishika goti kwa mikono miwili, akaniangalia mimi, wala si kocha. Viatu vyote ukumbini viliacha kulia kwa pamoja. Daktari wa timu akamlaza, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akavuta. Goti zima ukilivuta hivyo linafika mahali linagota. La kwake halikugota. Niliusoma uso wa daktari kabla hajafungua mdomo, na picha ya MRI ya Ijumaa ikaja kusema yale yale.

Kila mtu sasa anasema bahati mbaya. Mimi sikubali, na sababu yangu ni kalenda.

Kiangazi kanuni za NCAA zinaipa timu wiki 8 za mazoezi, saa 8 kwa wiki. Muhula ukifunguliwa bado ni saa 8, na za ufundi uwanjani zisizidi 4. Kisha, siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, mlango unafunguliwa: siku 30 za mazoezi rasmi ndani ya siku hizo 42, hadi saa 20 kwa wiki, hadi saa 4 kwa siku, mapumziko siku moja. Maana yake mchezaji analala Jumapili akiwa wa saa 8, anaamka Jumatatu akiwa wa saa 20. Moyo na mapafu vinawahi kuzoea. Misuli nayo inafuata baada ya wiki chache. Kano na mifupa haviendi kwa kasi hiyo. Mfupa ukiongezewa mzigo huanza kwa kubomoa sehemu ya zamani ndipo ujenge mpya, kwa hiyo kuna majuma ambayo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza kuuimarisha. Majuma hayo ndiyo makocha wengi wanayotumia kuonyeshana nani ana moyo wa chuma.

Binti yetu aliumia siku ya nne.

Nauliza wadau mnaofuatilia vyuo: mmeona timu ngapi zinapoteza msimu kabla haujaanza? Na kuna aliyewahi kuona timu inayopandisha mzigo kwa ngazi badala ya kuruka?

---

Kalamu ya Benchi

Pole sana mkuu, na pole kwa huyo binti.

Mfano wa kwanza unaonijia ni timu ya wanaume ya chuo cha Duke, 2016. Waliingia msimu wakiwa namba moja kwenye kura za kabla ya msimu. Harry Giles akafanyiwa upasuaji wa goti Oktoba, na alikuwa ameshaumia magoti yote mawili akiwa sekondari. Jayson Tatum akaumia mguu. Marques Bolden naye mguu. Watoto watatu wa mwaka wa kwanza ambao nchi nzima iliwasubiri, wote wamevaa nguo za kawaida kwenye benchi siku ya kufungua msimu. Tatum alicheza mara ya kwanza Desemba 3. Walikuja kutwaa ubingwa wa ACC, ligi yao ya kanda, Machi 2017, lakini kwenye mashindano ya taifa South Carolina ikawatoa raundi ya pili. Nilikuwa naitazama timu ile na naona kabisa watu hawajuani uwanjani. Walikosa Oktoba ya pamoja, na Oktoba hairudi.

---

Mdunda Mpira

Mleta uzi, nakuheshimu lakini hesabu yako ina tundu. Kati ya majeruhi wako watatu ni mmoja tu aliyeumia ndani ya mazoezi rasmi. Hao wengine wawili umesema wameumia, hujasema wapi. Kama enka na unyayo ni vya kabla ya hiyo Jumatatu, kalenda ya NCAA haihusiki nao.

---

ChumbaChaBarafu

Mdunda Mpira, umenibana pazuri. Nijibu kwa ukweli.

Enka ilikuwa Agosti. Wachezaji walikuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe jioni, bila kocha wala fizio, akatua juu ya kiatu cha mwenzake. Sentra alitoka kuichezea timu ya taifa lake kiangazi chote, akashuka kwenye ndege, akapumzika siku tano, akaanza mazoezi nasi. Hakusema kwamba unyayo unauma. Alianza kuchechemea ndipo tukamwuliza.

Kwa hiyo ni kweli, siku ya kwanza rasmi haikuwaumiza hao. Ila nikiyaangalia yote matatu kwa pamoja naona saa ambazo hakuna aliyeziandika. Kwenye karatasi sentra wetu alikuwa mchezaji wa saa 8 kwa wiki. Mwilini alikuwa na kiangazi kizima cha mechi. Binti wa ACL naye, nimekuja kuambiwa na mwenzake wa chumbani, alikuwa anarudi ukumbini usiku kurusha mipira mia mbili, mia tatu, kwa sababu aliogopa kukaa benchi. Hizo nazo ni kuruka na kutua. Hazipo kwenye daftari la mtu yeyote.

---

BintiSentra

Hayo ya mechi za wenyewe kwa wenyewe yasikupite hivi hivi. Paige Bueckers, kipindi hicho mchezaji aliyezungumzwa kuliko wote kwenye kikapu cha wanawake, alikata ACL ya goti la kushoto Agosti 2022 kwenye mechi ya namna hiyo hiyo. Msimu mzima wa 2022-23 ukaondoka. Hapo timu yake, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), walikuwa hawajaanza chochote rasmi.

Na la sentra kutoka timu ya taifa: Jana El Alfy, binti wa Misri, alikata kano ya Achilles Julai 2023 akiichezea Misri kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 19. Alikuwa ndiyo kwanza aanze mwaka wake wa kucheza UConn. Msimu wote akaukosa. Nilimlilia yule dada, kwa sababu kwa mchezaji wa Afrika jezi ya taifa na jezi ya chuo zote ni za lazima moyoni, na mwili ni mmoja.

Nilichopenda ni mwisho wake. Aprili 2025 UConn walipoipiga South Carolina 82-59 na kuchukua ubingwa, Bueckers na El Alfy wote walikuwa uwanjani. Pamoja nao alikuwepo Azzi Fudd, aliyekata ACL mazoezini Novemba 2023 msimu ukiwa umeanza tu, na ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho.

---

Mzee wa Ribaundi

Vijana, msimsahau Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Msimu wa 2021-22 pale chuo cha Kentucky alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akawa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Akaamua kurudi mwaka mmoja zaidi. Oktoba 2022, maandalizi yamepamba moto, goti likahitaji kusafishwa kwa upasuaji mdogo. Akakosa mechi za majaribio na mbili za mwanzo wa msimu.

Alirudi Novemba 15 dhidi ya Michigan State: pointi 22, ribaundi 18, mechi ikaenda nyongeza mbili, Kentucky ikafungwa 86-77. Watu walishangilia zile ribaundi. Mimi niliangalia miguu. Dakika za mwisho alikuwa anachelewa nusu hatua, na sentra anayechelewa nusu hatua anashika watu badala ya mpira. Akatolewa kwa faulo. Upasuaji uliitwa mdogo, nakubali, lakini aliyeukosa Oktoba hata kwa wiki nne anaulipa mbele ya watu.

---

Mama wa Kinda

Wanangu, mimi si mtu wa kuandika, huwa nasoma tu. Leo imebidi.

Binti yangu anacheza chuo huko huko Marekani, mwaka wa pili, anasoma kwa ufadhili. Wiki mbili sasa ananiambia kwa simu kwamba upande wa nje wa unyayo unamuuma akimaliza mazoezi, kisha asubuhi unapoa. Hajamwambia mtu wa timu. Anasema mama ukisema unaumwa mwezi huu, nafasi yako anapewa mwingine, na mwakani ufadhili unaondoka. Ananiambia niombe tu. Naomba, lakini nilivyosoma habari ya huyo sentra aliyekuja kugundulika anachechemea, usingizi umekata. Nimwambie nini?

---

Fizio Mstaafu

Shikamoo mama. Nimefanya kazi hii miaka mingi, naomba unisikilize vizuri.

Maumivu ya upande wa nje wa unyayo, yanayokuja na mazoezi na kupoa kwa mapumziko, kwa mchezaji wa kikapu, hayasubiri. Kuna mfupa unaoshuka kuelekea kidole kidogo. Karibu na shina lake kuna sehemu ambayo damu inafika kwa shida, na kwa sababu hiyo ufa wa pale unapona polepole na unapenda kurudi. Mwanzoni unaweza usionekane hata kwenye eksirei, MRI ndiyo inauona. Ukikamatwa mapema, kupumzisha mguu kunaweza kutosha. Ukiachwa mpaka mfupa uachane, kwa mwanamichezo mara nyingi inakuwa skrubu na miezi kadhaa nje.

Dariq Whitehead aliuvunja mfupa wa mguu mazoezini Duke mwishoni mwa Agosti 2022, akiwa miongoni mwa vijana waliotajwa sana wa mwaka wake. Akafanyiwa upasuaji, Novemba akawa anacheza. Kiangazi kilichofuata, kabla ya kuchaguliwa NBA, mguu ule ule ukarudi kwenye upasuaji. Alichaguliwa namba 22. Sisemi nani alikosea, sikuwepo. Nasema mfupa una kalenda yake.

Simwoni mwanao, kwa hiyo sisemi ana ufa. Nasema kesho asubuhi aende kwa mtu wa tiba wa timu, kabla ya mazoezi, akaonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma.

---

Kalamu ya Benchi

Mama, la ufadhili nakujibu mimi maana nimelifuatilia.

Kwanza, chuo hakiruhusiwi kumfutia mchezaji ufadhili katikati ya kipindi alichopewa kwa sababu ameumia. Pili, tangu Agosti 2024 NCAA imevitaka vyuo vya Daraja la Kwanza kulinda ufadhili wa wachezaji na kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo hata baada ya kumaliza chuo, kwa miaka isiyopungua 2. Na la tatu ndilo ningependa binti alijue kwa moyo: anayeamua mchezaji acheze au asicheze ni mtu wa tiba, na kanuni inasema kocha hana mamlaka ya kuupindua uamuzi huo.

Kama hali ikiwa mbaya na msimu ukaondoka, kuna njia ya kuombewa mwaka wa kimatibabu, yaani arudishiwe mwaka wa kucheza alioupoteza. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba jeraha la kumaliza msimu liwe limetokea nusu ya kwanza ya msimu na mchezaji awe hajacheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi. Anayeumia Septemba au Oktoba anaingia hapo moja kwa moja. Anayejikaza mpaka Januari ndiye anayekosa vyote, mguu na mwaka.

---

Mdunda Mpira

Hiyo sentensi ya mwisho ya Kalamu ichapishwe ibandikwe kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo.

---

Nesi wa Zamu

Naongeza moja ambalo halionekani kama jeraha. Wiki za mwanzo ndizo zenye mbio za kupima nguvu, na mbio hizo ni hatari kwa mwenye chembechembe za kurithi za selimundu (sikoseli), hata kama hajawahi kuugua maisha yake yote. Akisukumwa bila kupumzika, misuli inaweza kuanza kuvunjika na akaanguka. Anaanguka taratibu, akiwa anaongea bado, analalamika miguu imeisha nguvu, na mkufunzi asiyejua anadhani ni uvivu. NCAA ilianza kutaka wachezaji wa Daraja la Kwanza wapimwe mwaka 2010, baada ya kifo cha mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo cha Rice mwaka 2006. Sisi wenye asili ya Afrika tunabeba sana hiyo hali. Mzazi, mwulize mwanao kama alipimwa na majibu yalisemaje. Zamani kulikuwa na fomu ya kukataa kupimwa, na kuna watoto waliisaini bila kusoma.

Na moyo pia. Bronny James, mtoto wa LeBron, alianguka mazoezini kwenye chuo cha USC, California, Julai 2023, moyo ukasimama, akaokolewa, ikaja kugundulika tatizo la kuzaliwa nalo. Desemba 10 mwaka huo huo alikuwa uwanjani. Nikiingia ukumbi wowote wa mazoezi, macho yangu yanatafuta kwanza mashine ya kushtua moyo iko ukuta gani.

---

BintiSentra

Mleta uzi, timu yako mmebaki wangapi wazima? Nauliza kwa sababu majeraha ya sasa hayana soko. Aliyeumia Aprili unaweza kumtafutia mbadala, dirisha la uhamisho liko wazi. Aliyeumia mwishoni mwa Septemba, wachezaji wote wazuri wameshaingia madarasani kwingine. Mwaka huo ndio huo.

Timu ya wanawake ya chuo cha TCU, Texas, Januari 2024 ilifika mahali ikaachia mechi mbili kwa kukosa watu, ikatangaza majaribio ya wazi kwa wanafunzi wa chuo, ikamchukua hadi mchezaji wa voliboli. Mwaka mmoja kabla, Januari 2023, UConn nao waliahirisha mechi na DePaul kwa sababu hawakufika wachezaji 7 wenye ufadhili walio wazima. UConn! Lile pengo lilianza na goti la Bueckers la Agosti.

---

ChumbaChaBarafu

Tumebaki kumi, dada. Mmoja kati yao ana mafua.

Nimeongea na bosi wangu wa tiba, nikampelekea hoja ya Mdunda Mpira kama ilivyo. Kuanzia leo tumeweka daftari mlangoni mwa ukumbi. Kila anayeingia nje ya ratiba anaandika dakika zake na kama aliruka au alirusha mitupo huru tu. Halifiki kwa kocha, hilo tumekubaliana, la sivyo hakuna atakayeandika ukweli. Na wiki hii ya pili tumeomba siku mbili za mazoezi ziwe za kutembea na kupanga michezo bila kuruka. Kocha alikunja uso. Akakubali moja.

---

Mdunda Mpira

Moja si haba kwa wiki ya kwanza ya kuomba. Akiona Ijumaa wachezaji wana miguu, ya pili atawapa mwenyewe.

---

Mama wa Kinda

Wanangu, nimerudi. Nilimpigia, tukabishana, akalia, nikamsomea jibu la Fizio na la Kalamu neno kwa neno. Asubuhi alikwenda. Aliyempokea alimbonyeza pale pale, akaruka juu ya kitanda. Wamempa kiatu kigumu cha kutembelea na MRI ni Jumatano. Kocha wake alimwambia asante kwa kusema. Sijui itakuwaje, lakini sauti yake jioni ilikuwa ya mtu aliyeshusha mzigo.

---

Fizio Mstaafu

Mama, Mungu akubariki. Jumatano ukipata majibu njoo utuambie, hata kama ni mabaya. Kiatu asikivue hata kwa kwenda bafuni usiku.

---

Mzee wa Ribaundi

Mleta uzi, na yule binti wa Alhamisi? Umetueleza goti, hujatueleza mtu.

---

ChumbaChaBarafu

Mzee, asante kwa kuuliza.

Upasuaji bado. Daktari wa mifupa anataka kwanza uvimbe ushuke na goti linyooke lote, kwa sababu goti likifanyiwa upasuaji likiwa limevimba na kukakamaa, linaweza kubaki limekaza baadaye. Baada ya upasuaji tumemwambia asifikirie mechi kabla ya miezi 9, na tukamweleza kwa nini: wanaorudi mapema ndio wanaolikata tena. Alihesabu kwa vidole, akafika Julai, akanyamaza.

Siku tatu za kwanza hakutaka kuongea. Anakuja, analala kitandani, anaweka barafu, anaangalia dari, na nyuma ya ukuta anawasikia wenzake wanadunda mpira. Nilitaka kufunga mlango, akasema niuache wazi.

Zoezi lake ni moja tu kwa sasa. Anakaza misuli ya mbele ya paja na kujaribu kulisukuma goti chini ligandamize kitanda, anahesabu mpaka tano, anaachia. Paja lake lilikuwa limegoma kabisa, kama si la kwake. Leo saa kumi, raundi ya pili, nimeweka kiganja chini ya goti kama kawaida, akakaza, nikausikia mgandamizo, na kisigino kikanyanyuka juu ya kitanda. Kidogo sana, kama unene wa kidole. Akakiona. Akaniambia nisiondoe mkono, akarudia.